Somo Langu na Somo Yangu

Mhadhara kwa vijana wa Nakivale na waajiri wa Mbarara

Mabwana na mabibi mlioacha maduka na karakana zenu Mbarara mkaja kula vumbi letu, wazazi wangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke nikirefusha: nisikilizeni.

Nimeombwa nizungumze juu ya kusoma na kufanya kazi kwa wakati mmoja, ndani ya kampuni, chini ya mtu anayekulea kazini. Mnisamehe, nitaanza na sarufi.

Watu wa pwani wana neno moja linalobeba vitu viwili. Mtoto akirudi kutoka shule husema, "Somo langu la leo lilikuwa gumu." Hilo ni somo la darasani. Lakini mwari anayefundwa, akimtaja yule mwanamke mzima anayemkalisha mkekani na kumfunulia mambo ya utu uzima, husema "somo yangu." Neno ni lilelile, ngeli ndiyo iliyohama. Somo langu ni kitu, somo yangu ni mtu. Na watu wawili walioshibana, au wenye jina moja, huitana somo kila mmoja kwa mwenzake.

Mimi ni mzaliwa wa Uvira. Kiswahili chetu cha kule hakihangaiki sana na ngeli, na ninyi wa Goma na Bukavu mnacheka kwa sababu mnajua ninachosema. Tofauti hii nilifundishwa Mbarara, na mzee wa Kinyankore aliyekuwa ameshika bomba la shaba mkononi. Nitamrudia mzee huyo.

Kwanza niseme nilichokuja kusema, ili hata wa mlangoni watoke nacho. Nakivale haina upungufu mkubwa wa somo langu. Upungufu wetu ni wa somo yangu. Fungueni zile bahasha za plastiki mlizozificha chini ya godoro: cheti cha ushonaji cha wiki sita, cheti cha ujasiriamali cha siku tano, cheti cha kompyuta, cheti cha utengenezaji wa sabuni, vyote vina nembo za rangi na sahihi nzuri. Sasa niambieni: Mbarara nzima, kuna mtu mmoja ambaye mwajiri akimpigia simu atasema, "Namjua kijana huyo, mpe kazi, nikikosea nidai mimi"? Mwenye mtu huyo anyooshe mkono.

Naona mikono mitatu.

Mahali tulipo

Makazi haya yalianza 1958, kabla ya Uganda yenyewe kupata uhuru. Waliopokelewa mwanzo walikuwa Wanyarwanda. Baadaye tumekuja wengine kwa mafungu, kila vita na fungu lake: Wakongo tangu miaka ya 1990, Wasomali, Waethiopia, Warundi wengi baada ya 2015, na mwaka 2025, Goma ilipoanguka Januari na Bukavu Februari, malori yakatuletea ndugu wengine. Juru, Rubondo, Base Camp, kila kona ina lugha yake, na Kiswahili ndicho kinachotuuzia nyanya sote.

Sheria ya nchi hii inatutendea vizuri kuliko sheria za nchi nyingi zenye fedha nyingi. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatupa haki ya kufanya kazi na ya kutembea. Ndiyo maana watafiti wa Oxford waliofanya kazi Kampala, Nakivale na Kyangwali, katika ripoti yao ya 2014, waligundua kwamba waliotegemea msaada peke yake walikuwa asilimia 1 tu. Kule Kampala wakaona jambo lililowashangaza wengi: katika kila watu 100 walioajiriwa na wakimbizi wenye biashara, 40 walikuwa raia wa Uganda. Basi asije mtu akatuambia kwamba hatujui kazi. Pitieni mtaa wetu wa New Congo mkaone vyerehani, pitieni kwa Wasomali mkaone maduka, sikilizeni mashine za kusaga.

Lakini haki ya kufanya kazi haimpi mtu kazi. Kutoka Base Camp hadi Mbarara ni kilomita 60 hivi. Unatoka kwa boda, unapanda taksi, unapita Kaberebere, unashuka jijini ukiwa mwekundu kama tofali. Hapo unakutana na maswali manne. Unatoka wapi? Karatasi hii imeandikwa lugha gani? Runyankole unajua? Nani anakufahamu? Matatu ya kwanza yana majibu. Nilipofika Nakivale 2009 nilikuwa na diploma ya Serikali ya Kongo, fani ya umeme, kwa Kifaransa. Mwenye karakana mmoja aliigeuza juu chini, akautazama muhuri, akaniuliza kama ni cheti cha ndoa. Hakuwa na ubaya. Karatasi yangu tu haikuweza kuzungumza naye, na mimi sikuwa na mtu wa kuzungumza kwa niaba yangu.

Uanagenzi tulioujua

Jambo tunalolizungumza lina jina zuri la Kiswahili: uanagenzi. Anayejifunza kazi kwa kuifanya ni mwanagenzi. Kwetu Kongo tunasema aprenti na patro wake. Kijana wa Goma anayetaka kutengeneza chukudu hapewi kitabu. Anapewa panga, anaambiwa achonge gurudumu, na patro analitupa gurudumu hilo mara kumi kabla hajalikubali. Matondoni, kisiwani Lamu, majahazi yameundwa hivyo kwa vizazi vingi: mtoto anashika ubao, baba anagonga msumari, miaka inapita, siku moja mkono wa mtoto ndio unaogonga.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Asiyejua kufua chuma, na avute mivukuto. Hapo ndipo uanagenzi unapoanzia, na hakuna aibu kuvukuta. Aibu ni ya mhunzi anayemwacha mtoto kwenye mivukuto miaka mitano kwa sababu upepo wa bure ni mtamu. Kwenye ujenzi tuna jina la watu hao, saidia fundi. Nimekutana na saidia fundi wenye mvi.

Nami nilivukuta. Kampuni ya kwanza iliyonipokea Mbarara sitaitaja, wala msijaribu kuikisia. Mradi fulani ulitupeleka pale vijana wanane kwa miezi sita, kwa jina la mafunzo kazini. Asubuhi tulifagia. Saa nne tulikwenda kuwanunulia mafundi chapati na mayai. Mchana tulibeba. Jioni tulisaini karatasi ya mahudhurio, kwa sababu mradi ulihitaji sahihi. Hakuna aliyetutukana wala kutupiga. Lakini wale mafundi walikuwa wanalipwa kwa kila kazi wanayomaliza, na kila dakika ya kunieleza waya huu unaenda wapi ilikuwa inawakata mfukoni. Kwa nini wanieleze? Baada ya miezi sita tulipewa cheti, tukapigwa picha. Kwenye ripoti ya mradi tulihesabiwa vijana wanane waliopata ujuzi.

Mtu wa kutulea hakuwapo, na hakuna aliyeona kwamba hayupo, kwa sababu fomu haikuwa na nafasi ya kuandika jina lake.

Mzee na bomba la shaba

Sasa nimrudie mzee wangu. Alikuwa fundi wa mitambo ya baridi. Miaka ya Amin alikimbia nchi hii akaishi Mombasa, akatengeneza vyumba vya barafu vya samaki, akarudi nyumbani na Kiswahili safi kuliko changu. Alipata kuwa mkimbizi kabla yangu, na nadhani hilo lilisaidia.

Mnajua Mbarara ni mji wa maziwa. Ng'ombe wa Ankole na wa kisasa wanakamuliwa alfajiri, mikebe inafungwa kwenye pikipiki na baiskeli, inakimbizwa kwenye vituo vya kupozea. Maziwa yanatoka kwenye kiwele yakiwa na joto la mwili, na yasiposhushwa haraka hadi nyuzi 4 hivi za Selsiasi, bakteria wanayafanyia sherehe. Kituoni wanayapima kwa laktomita kujua kama yametiwa maji, wanayachanganya na spiriti kidogo kuona kama yanaganda, kisha yanaingia tangini. Tangi likikosa baridi, jasho la wafugaji mia linamwagwa mtaroni. Kwa hiyo fundi wa baridi pale si mtu mdogo.

Baada ya kampuni ile ya kwanza, nilipangiwa siku nne za juma kwa mzee na siku mbili chuoni. Wiki ya pili tukaitwa: tangi la lita 3,000, kompresa inanguruma tangu alfajiri, maziwa bado vuguvugu. Nami chuoni nilikuwa nimesoma kwamba baridi ikipungua, huenda gesi imepungua. Nikafungua begi, nikatoa geji, nikaukimbilia mtungi wa gesi.

Mzee akasema, "Kijana, gesi imekwenda wapi?"

"Imepungua, Mzee."

"Imenywewa na nani?"

Nikanyamaza. Gesi ya friji si petroli, hailiwi na mashine. Inazunguka ndani ya mabomba, inakuwa maji, inakuwa hewa, inarudi. Kama imepungua, kuna tundu. Nilikuwa nimelijibu swali hilohilo katika mtihani na kupata alama zote. Pale tangini, mbele ya wafugaji waliokunja mikono, lilikuwa limenitoka kichwani.

"Weka geji chini. Weka mkono."

Akaushika mkono wangu akauweka juu ya bomba la shaba linalotoka kwenye kompresa. Nikaurudisha haraka, lilikuwa la moto kupita kiasi. Akanipeleka nyuma ya mtambo, kwenye kondensa, pale ambapo feni huvuta hewa kupitia mapezi membamba ya bati ili kutoa joto. Mapezi hayakuonekana. Vumbi la barabara, manyoya na majani makavu vilikuwa vimeshonana kama blanketi. Hewa haipiti, joto halitoki, shinikizo linapanda, kompresa inajiua. Kama ningeongeza gesi, ningeisukuma kaburini.

Tulisafisha kwa brashi na maji. Baada ya nusu saa akaushika tena mkono wangu, akauweka kwenye bomba la kurudi. Lilikuwa baridi, na lilikuwa limetoa jasho. "Likitoa jasho hivi, limeshiba. Likiota barafu, kuna tatizo jingine. Mkono wako uukumbuke huu." Ndipo akasema kwa Kiswahili chake cha Mombasa: chuoni umepata somo lako, hapa mimi ndiye somo yako.

Jioni akanipa daftari la kurasa 96. Kila kazi niandike mambo manne: nilichokuta, nilichodhani, kilichokuwa kweli, na kwa nini nilikosea. Ijumaa anasoma, anatia sahihi. Jumatatu nalipeleka chuoni. Mwalimu alipofika kwenye uhusiano wa shinikizo na joto, ile mistari iliyopinda ubaoni, mimi nilikuwa naisikia kiganjani. Wenzangu walikuwa wanainakili.

Hapo ndipo kusoma na kufanya kazi vinapokuwa kitu kimoja. Siku mbili hapa na siku nne pale ni ratiba tu. Daftari lile, lililobebwa na kijana na kusomwa na watu wawili wanaomjali, ndilo lililofunga fundo.

Siku nilipokuwa mimi somo

Msidhani ninamsifu mzee nikiwadharau walimu. Mwaka wangu wa pili kituo kilinunua tangi jipya. Mzee alikuwa amezeeka na gesi moja, ile ya R22, aliyoitumia tangu ujana wake. Dunia ilikuwa imekwisha kuipa kisogo gesi hiyo: Itifaki ya Montreal ya 1987, iliyowekwa kulinda tabaka la ozoni, inaiondoa polepole sokoni. Tangi jipya lilikuwa na gesi nyingine, R404A. Likapata tundu dogo. Tukaliziba. Mzee akavuta mtungi wake wa zamani.

Nikasema, "Mzee, hizi hazichanganyiki."

Akanitazama. Nikaogopa. Katika karakana nyingi, kijana hamwambii fundi maneno hayo. Nikamweleza nilivyofundishwa: hata mafuta ya kulainisha kompresa ni tofauti, yale ya R22 ni ya madini, haya ni ya kutengenezwa kiwandani. Ukivichanganya, mafuta hayarudi kwenye kompresa inavyotakiwa, na mashine mpya inakufa changa. Mzee akakaa juu ya mkebe wa maziwa uliopinduliwa. Akasema, "Nisomee." Nikatoa daftari la chuo, nikamsomea.

Akasimama, akaurudisha mtungi kwenye gari, akaniita "somo." Kwa sauti, mbele ya watu. Tangu siku ile hakuniita kijana tena.

Hivyo ndivyo neno letu linavyofanya kazi. Somo huenda pande zote mbili. Mwajiri unayeniuliza utapata faida gani kumchukua mwanagenzi anayesoma, faida yako ni hiyo: kila Jumatatu kijana huyo anakwenda chuoni kwa nauli ndogo, na anakuletea mambo ambayo fundi wako bora hajawahi kuyasikia.

Wengine walivyofanya

Ujerumani ndiyo inayotajwa kila tunapozungumza haya. Kijana anakaa kazini siku tatu au nne, shuleni moja au mbili, kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu, kwa mkataba, kwa posho, na sheria yao ya msingi ni ya 1969. Wengi huishia hapo. Mimi nawapeni sehemu inayosahauliwa. Kule, anayewafunza wanagenzi ndani ya kampuni lazima mwenyewe afaulu mtihani wa kufundisha. Mwaka 2003, wakitaka kampuni zipokee vijana wengi zaidi, waliusimamisha mtihani huo. Mantiki ilikuwa kwamba sharti likipungua, milango itafunguka. Mwaka 2009 wakaurudisha. Waliona kwamba mlango ulio wazi, usio na mtu wa kumpokea kijana, haumfikishi popote. Kama wao, pamoja na karne za vyama vya mafundi, hawakuweza kumruka mlezi, sisi tutamruka kwa miguu gani?

Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha Pendekezo namba 208 juu ya uanagenzi ulio bora: mkataba wa maandishi, malipo, usalama, mafunzo ndani na nje ya kazi, na sifa inayotambulika mwishoni. Tanzania walikwisha kuandika mwongozo wao wa kitaifa wa uanagenzi.

Na Uganda? Tuna vipande vingi kuliko tunavyodhani. Sheria ya mafunzo viwandani ilitungwa 1972. Sheria ya Ajira ya 2006, inapoeleza mwajiriwa ni nani, inamhesabu na mwenye mkataba wa uanagenzi. Waajiri, hilo likumbukeni: mwanagenzi wenu ni mwajiriwa kisheria, si mgeni wa mradi. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2008 ikaleta utaratibu wa kupimwa kwa unachoweza kufanya, pamoja na kile kitabu kidogo kiitwacho Worker's PAS, ambacho hakikuulizi ulimaliza darasa la ngapi. Kinataka kuona mikono. Sheria mpya ya 2025 imeuhamishia upimaji huo kwenye bodi ya UVTAB. Na tangu 2019 mpango wa PROSPECTS, unaofadhiliwa na Uholanzi na kuwakutanisha ILO, UNHCR, UNICEF, Benki ya Dunia na IFC, umeichagua Nakivale pamoja na makazi ya Rhino Camp, na mafunzo ndani ya kazi ni sehemu ya shughuli zake.

Sheria zipo, kitabu kipo, fedha huja na kuondoka. Kinachokosekana kina miguu miwili na simu ya kupigiwa.

Maswali ya waajiri

Nimekaa na waajiri wa Mbarara, katika ofisi za Kamukuzi na kwenye viti vya plastiki vya Kakoba, na maswali yao ni ya haki.

Wa kwanza anasema: nitamfundisha, kisha atahamishiwa Kanada au Australia. Bwana, duniani kote wakimbizi wanaopata nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki hata mmoja kwa mia. Mpwa wako uliyempa kazi ana nafasi kubwa zaidi ya kukukimbia kwenda Kampala.

Wa pili anauliza: kwa nini mkimbizi, wakati watoto wenyeji wa hapa Isingiro wako barazani? Huyu nampa mkono. Uganda ina desturi ya kugawa huduma za wakimbizi ili raia wenyeji nao wapate, asilimia 30 kwa kawaida. Mimi naomba zaidi katika hili. Wachukueni wawili wawili, mmoja wa Nakivale na mmoja Mnyankore, chini ya mlezi mmoja. Wa kwetu atajifunza Runyankole bila kulipia, wa kwenu atajifunza Kiswahili, ambacho Katiba ya nchi hii imekifanya lugha rasmi ya pili tangu 2005.

Wa tatu ndiye mgumu. Anasema: fundi wangu akifundisha, kazi inachelewa, nani analipa? Hapa siwezi kuwalaza kwa maneno matamu. Mnalipa ninyi, au mradi, au nyote wawili. Saa za kulea ni saa za kazi. Fundi apunguziwe kazi au aongezewe malipo, asibebeshwe zaidi ya wanagenzi wawili, na apate kitu cha kushikika mwanagenzi wake anapofaulu kupimwa. Mzee wangu alilipwa posho ndogo kila mwezi kwa ajili yangu, na alinionyesha bahasha. "Hii ni yako," alisema, "kwa hiyo ukilala kazini unaniibia mimi."

Maneno kwa vijana na wazazi

Vijana, msikubali kupelekwa mahali mkiwa hamjaambiwa jina la atakayewalea. Ulizeni kabla ya kupanda gari. Ulizeni pia kama mkataba uko kwa lugha mnayoisoma, kama posho inatosha chumba na nauli, viatu vya usalama na bima viko kwa nani, na chuo kitalisoma daftari lenu au kitalipiga muhuri tu. Mkiulizwa ninyi ni nani hata muulize hayo, semeni ninyi ni waajiriwa kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2006.

Mabinti, nina neno lenu peke yenu. Nimeona msichana wa Juru, mwepesi wa kusoma mchoro wa umeme kuliko wavulana wote wa darasa lake, akafika kazini akakabidhiwa birika. Mwaka mzima alichemsha chai ya mafundi. Alipotafutiwa mlezi mwanamke, fundi wa umeme aliyekwisha kuyapitia hayo, birika likapata mwenyewe mwingine ndani ya wiki moja. Msichana anahitaji somo kwa sababu zilezile za mvulana, na kwa nyingine ambazo ninyi wenyewe mnazijua bila mimi kuzitaja.

Wazazi, najua mgao wa chakula umekatwa, na mwaka 2025 wengi waliondolewa kabisa kwenye orodha. Kijana anayesomea kazi miaka miwili haleti nyumbani kile anacholeta kijana anayebeba ndizi sokoni leo. Siwezi kuwaambia mngoje kana kwamba kungoja hakuna njaa. Ninawaambieni mhesabu: mbeba ndizi wa leo, baada ya miaka miwili, atakuwa mbeba ndizi mwenye maumivu ya mgongo.

Mkono wa nani

Nimalize. Mwaka wangu wa tatu mzee alilazwa hospitali. Saa kumi na moja alfajiri kituo kimoja cha mbali kikampigia: tangi limezima, maziwa yamejaa, njoo. Akiwa kitandani akawaambia nitakwenda mimi. Nilimsikia mwenye kituo akilalamika kwenye simu, kwa sauti ya juu, kwamba hamtaki yule Mkongo.

Mzee akasema, "Huyo ni mkono wangu. Ukimkataa, nami usiniite tena."

Nikaenda. Ilikuwa fyuzi na kontakta iliyoungua, kazi ya dakika arobaini. Maziwa yakaokoka. Mwenye kituo yule bado ananiita mpaka leo, na amekwisha kuwaambia wenzake kumi. Vyeti vyangu nilivyo navyo sasa ni saba. Hakuna kimoja kilichowahi kubishana na mtu kwa ajili yangu saa kumi na moja alfajiri.

Mzee amepumzika, Mungu amrehemu. Nami sasa nina wanagenzi wawili, mmoja wa Rubondo na mmoja wa Ruti. Wananiudhi sana. Jana mmoja aliukimbilia mtungi wa gesi.

Pale mlangoni, juu ya meza, nimeweka daftari la kurasa 96. Nimelipiga mstari katikati. Upande wa kushoto ni jina la kijana anayetafuta kazi ya kusomea, na najua utajaa kabla chai haijapoa. Upande wa kulia ni jina la fundi au mwenye kampuni atakayesema, "Huyu namlea mimi," pamoja na namba yake ya simu. Mabwana na mabibi wa Mbarara, kalamu nimeifunga kwa uzi upande wenu.